Vita katika Tenzi Zetu na Swali la Kerende

Tangu zamani washairi wa Kiswahili wamekuwa ndio waandishi wa habari za vita. Kabla ya kuwapo magazeti, na kabla ya kuwapo vitabu vya historia vilivyoandikwa na wenyeji, utenzi ulikuwa ndio daftari la watu wa pwani. Humo ziliwekwa siku za mapigano, majina ya mashujaa, vituko vya maadui na maombolezo ya waliofiwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kujua watu wetu wamefikiri nini juu ya vita hawezi kuzipita tenzi. Lakini yafaa tuziulize swali ambalo si rahisi. Zinatuambia nini juu ya asili ya vita, na zinatuambia nini juu ya yale yanayobaki vita vikiisha?

Ili swali hili lisielee hewani, nimechagua mahali pa kulipimia. Kerende ni kijiji cha Tarime, katika nchi ya Wakurya, upande wa kaskazini wa Mto Mara. Ukivuka mto huo kwenda kusini umeingia Serengeti. Ukishika njia ya kaskazini, haitakuwa mbali kabla hujafika mpaka wa Kenya. Jina la Kerende halimo katika orodha ya mapigano makubwa. Hakuna mnara uliojengwa huko wala siku inayoadhimishwa. Hata hivyo vita vikubwa vya karne ya 20 viliifikia nchi hiyo, kila kimoja kwa njia yake: vya 1914, vya 1939 na vya 1978. Nathubutu kusema kwamba fasihi ya vita inayoweza kumweleza mtu wa Kerende kilichompata ndiyo fasihi iliyotimia. Na ile isiyoweza, hata ingawa tamu namna gani, ina pengo.

Tuanze na umbo lenyewe. Utenzi wa vita tuliourithi ulipata sura yake katika visa vya dini. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ambao ni miongoni mwa tenzi za kale kabisa tulizo nazo, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Urumi. Humo adui anajulikana kwa jina na kwa cheo. Wajumbe na barua hutangulia, kisha huja mapigano, na mwisho haki hujitenga na batili. Sura hiyo iliwapa washairi waliofuata mazoea matatu. Kwanza, sababu ya vita ina uso wa mtu: yuko fulani aliyedhulumu. Pili, vita ni kama baraza la hukumu, na atakayeshinda ndiye mwenye haki. Tatu, kisa hufungwa penye ushindi. Hapo mshairi hutaja jina lake na tarehe, humwomba Mungu msamaha, akaweka kalamu chini.

Mazoea haya si ya kudharauliwa. Mshairi anayeamini kwamba vita lazima viwe na mdhalimu hawezi kuvisifu vita kwa ajili ya vita tu. Anadaiwa kuonyesha dhuluma ilipo, na msomaji ana haki ya kumdai. Tena, umbo lenye sababu moja na mwisho mmoja ni rahisi kushikwa na moyo na kusomwa mbele ya watu. Lakini umbo lililotengenezwa kwa vita vya namna moja likitumiwa kwa vita vya namna nyingine hubana hapa na kupwaya pale. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha linabana wapi.

Mshairi wa kwanza kukutana na shida hiyo ni Hemedi bin Abdallah el Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Vita anavyovisimulia ni vya 1888 na 1889. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuwapa Wajerumani wa kampuni haki ya kutawala pwani na kutoza ushuru wa forodha kwa jina lake. Mwezi wa Agosti maofisa wao wakafika mijini. Huko Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Dharau yake juu ya bendera ya Sayyid na juu ya heshima ya watu wa mji ndiyo iliyowasha moto. Abushiri bin Salim akasimama kuwa kiongozi wa vita, hata akakamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hemedi anashika desturi: adui wake ana uso, ana jina na ana kiburi. Lakini haki haikushinda. Hapa umbo la Tambuka linamkatalia, maana hawezi kufunga kisa kwa furaha ya walioshinda. Analoweza ni kuyakabidhi mambo kwa Mwenyezi Mungu. Mimi naona kwamba kushindwa huko ndiko kulikomfanya kuwa mwandishi mzuri zaidi wa sababu. Aliyeshinda haulizwi kwa nini. Aliyeshindwa hana budi kujiuliza. Katika utenzi wake twaona kwamba jambo halikuanza kwa bunduki. Lilianza kwa maombi, kwa makubaliano yaliyofanywa Unguja pasipo watu wa Mrima kushauriwa, ndipo likaja kuonekana ufukoni kwa sura ya mgeni mwenye jeuri. Nyundo alikuwa cheche. Kuni zilikuwa ule mkataba. Hemedi hasemi hivyo kwa maneno hayo, lakini mpango wa kisa chake unasema.

Utenzi wa pili ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933, na mara ya pili mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Vita hivi vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Abdul Karim anavitazama kutoka mjini. Ni mtu wa pwani anayeangalia bara, na dawa ya maji inamshughulisha kuliko jembe. Matokeo yake ni kwamba msomaji huona watu waliodanganyika kabla ya kuona watu waliochoshwa.

Ebrahim Hussein alipoandika tamthiliya ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, aliugeuza mtazamo huo. Hakuanza na dawa, alianza nyumbani. Wanawake wanazungumza juu ya chakula ambacho hakipo, na waume zao wako katika shamba la mgeni wakilima zao lisiloliwa. Njaa, mjeledi na aibu aliyotendwa binti wa watu huja kwanza. Maji ya Kinjeketile huja baadaye, kama jibu la haja iliyokwisha kuwako. Hapo ndipo tofauti ya sababu na kisingizio inapoonekana wazi. Dawa haikuleta vita. Iliwapa watu wa makabila mengi neno moja la kukutania, nao walikuwa wamekwisha kuwa na sababu, kila mmoja katika shamba lake.

Tena Hussein anakwenda mbele zaidi ya hapo, hata kwenye matokeo. Kinjeketile wake anatambua kwamba neno alilolizaa limekua kumpita, na kwamba akilikana mwishoni atawanyang'anya walio hai na watakaozaliwa kitu ambacho kushindwa hakukukiua. Yafaa tukumbuke ukubwa wa kushindwa kwenyewe. Wajerumani walitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye, kama G. C. K. Gwassa, wamekadiria 250,000 hata 300,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa baada ya vyakula na mashamba kuchomwa makusudi. Tamthiliya ya kurasa chache haiwezi kubeba hesabu hiyo yote, lakini imeuelekeza uso wa msomaji upande iliko. Ndiyo maana naiweka juu ya tenzi nyingi katika jambo hili.

Sasa tufike kwenye vita vya 1914, na hapa ndipo swali la Kerende linapoanza kuuma. Watu hufundishwa kwamba vita hivyo vilianza kwa kuuawa kwa Franz Ferdinand huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na kwamba nyuma ya mauaji hayo yalikuwako mapatano ya mataifa ya Ulaya, mashindano ya silaha na tamaa ya makoloni. Hayo ni kweli. Lakini kwa nini mauaji ya Sarajevo yamfikie mfugaji wa kando ya Mto Mara? Jibu ni mstari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka utokao mlango wa Mto Umba, unaopita kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unanyoka mpaka pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, mahali linapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini. Mstari huo ulipita katikati ya nchi ya Wakurya. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta, bila kuhama, wengine raia wa Berlin na wengine raia wa London.

Kwa hiyo vita vilipotangazwa, nchi hiyo ilikuwa mlango. Wajerumani walikuwa na boma Shirati, kando ya ziwa, na ngome Ikoma, huko Serengeti. Mwezi wa Septemba 1914 kikosi chao kilivuka mpaka kikapigana Kisii. Januari 1915 Waingereza wakaishika Shirati kwa muda. Mwaka 1917 mapigano yakafika hata Ikoma. Anayetazama ramani ataona kwamba nchi ya Wakurya imo katikati ya majina hayo. Vita viliendelea mpaka von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani kupatikana Ulaya.

Je, uko wapi utenzi mkuu wa vita hivi, unaofundishwa na kukumbukwa kama ule wa Hemedi? Haupo. Nao si upungufu wa kisa. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki, na kwa hesabu yao wenyewe watu kama 95,000 katika hao walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na uchovu. Kilichozuia ni umbo. Mpagazi hana adui wa kukabiliana naye wala hana dhuluma aliyokwenda kuilipiza. Hakushinda na hakushindwa. Amebeba mzigo wa ugomvi wa wengine mpaka akaanguka. Katika utenzi wa kale hakuna kiti cha mtu wa namna hiyo.

Kilichobaki kwake ni neno. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambapo leo watu hununua nguo na nyanya, na Kariokor ya Nairobi, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Si mbali na Kariakoo limesimama sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927, na chini yake maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayoahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Lakini majina yenyewe hayapo pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, walio wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ambayo serikali haikuifanya, fasihi nayo haikuifanya. Hili ni deni letu.

Vita vya 1939 vina utenzi, tena mkubwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti 3,000, na ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtungaji kufariki. Hakuna kazi nyingine ya Kiswahili iliyothubutu kuitazama dunia nzima kwa mara moja namna hiyo. Katika asili ya vita, Shaaban Robert ni mwanafunzi mwaminifu wa Tambuka: sababu ina uso, na uso huo ni wa Hitler. Mkataba wa Versailles wa 1919, kuanguka kwa biashara ya dunia baada ya 1929, na njaa ya makoloni ya Wajapani na Waitalia, mambo ambayo mwanahistoria angeyatanguliza, hayawezi kupata nafasi kubwa katika kisa kinachotaka mdhalimu mmoja. Utenzi unasimama upande wa mataifa yaliyoungana, na mojawapo ya mataifa hayo ndilo lililokuwa likiitawala Tanganyika wakati mshairi alipokuwa akiandika.

Wasomaji wengine wanaweza kusema kwamba hiyo ni sauti ya mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mimi naona tusome jina lake tena. Vita ambavyo watawala waliviita vya dunia, yeye aliviita vya uhuru. Mwezi wa Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitangaza katika Mkataba wa Atlantiki haki ya watu kuchagua serikali yao. Mwezi uliofuata Churchill akawaambia wabunge wake kwamba neno hilo lilikusudiwa hasa mataifa ya Ulaya yaliyokaliwa na Wajerumani. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Wengine walifika Uhabeshi, Bukini na Burma, na waliobaki nyumbani wengine walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Mtu aliyeviita vita hivyo vya uhuru, mbele ya watu hao, aliandika hawala ambayo siku moja ingepelekwa kulipwa. Sisemi kwamba mshairi alikusudia hivyo katika kila ubeti. Nasema kwamba neno likishaandikwa juu ya jalada huwadai hata wale lililowasifu. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na utenzi ulipotoka mwaka 1967 jina lake lilikwisha kuwa na maana pana kuliko ile iliyokuwako Hitler alipokufa.

Lakini Kerende je? Wakurya walijulikana kwa kuingia jeshini kwa wingi, tangu wakati wa K.A.R. hata wakati wa Jeshi la Wananchi. Katika utenzi wa Shaaban Robert jeshi huonekana kutoka juu, kama mtu anayesoma ramani. Ng'ombe waliolipwa mahari kwa mshahara wa askari, mashamba yaliyolimwa na wanawake peke yao, na mzee aliyerudi kutoka Burma na lugha asiyokuwa na wa kuzungumza naye, hayo hayaonekani. Simlaumu mshairi kwa kutokwenda Tarime. Naonyesha tu kwamba anayetazama kutoka juu huyaona majeshi, asione kaya.

Sasa vita vya 1978. Kuna Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, uliotoka mwaka 1981. Sikusudii kuupima ubeti kwa ubeti. Nataka tulitazame jina lake, maana ndani yake mna mazoea yote matatu niliyoyataja. Adui ana uso. Vita vina hukumu. Mwisho ni anguko. Na kwa kweli mambo yalikwenda karibu na hivyo. Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi lake likiwa na maasi ndani yake, aliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni yake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akataja mambo matatu ambayo wazee wetu hawajayasahau: uwezo, sababu na nia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa.

Kwa mtu wa Kagera aliyeuliwa nduguze na kuporwa ng'ombe, sababu ilikuwa wazi kama mchana, na ubishi juu yake ni utovu wa adabu. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuuliza: kwa nini pale? Kwa nini kulikuwa na kipande cha Tanzania ng'ambo ya mto ambacho jirani angeweza kukitamani? Jibu ni ule ule mstari. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliuendeleza mpaka wao kuvuka ziwa kwa kufuata latitudo ile ile ya digrii 1 kusini, na kwa kuwa mto hupinda kusini ya latitudo hiyo, kipande cha nchi kikabaki kati ya mto na mstari. Kalamu iliyowagawa Wakurya upande wa mashariki wa ziwa ndiyo iliyoacha upenyo wa Kagera upande wa magharibi. Kijana wa Kerende aliyekwenda kupigana Kagera alikwenda kuulinda mstari ambao huku kwao ulikuwa umewatenga wajomba zake. Mimi sijui kisa kilichobeba kinaya kikubwa kuliko hicho. Lakini mstari hauna uso. Huwezi kuupelekea barua, wala huwezi kuuangusha. Kwa hiyo katika umbo la utenzi hauwezi kuwa adui, na mshairi huupita juu kwa juu.

Ama matokeo, hapo pengo ni kubwa zaidi. Vita vilikwisha mwezi wa Juni 1979. Gharama yake imekadiriwa kuwa dola za Kimarekani milioni 500, kwa nchi iliyokuwa tayari imebanwa na bei ya mafuta. Watu waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka. Huko Tarime palikuwa na tokeo jingine. Michael Fleisher, aliyefanya utafiti kwa Wakurya na kuchapisha kitabu mwaka 2000, ameeleza kwamba baadhi ya askari waliorudi kutoka Uganda walikuja na bunduki, na kwamba bunduki hizo zilibadili kabisa wizi wa ng'ombe. Uvamizi uliokuwa wa mikuki na mishale, wenye desturi zake na mipaka yake, ukawa biashara ya silaha za moto. Ng'ombe walivushwa mpaka kwenda kuuzwa. Vijiji vikaunda sungusungu kujilinda. Serikali nayo, baada ya miaka ya mapigano ya koo, ikaweka Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya.

Isidhaniwe nasema kwamba askari wa Kikurya walikuwa wezi. Walio wengi walirudi wakashika jembe, na wengine hawakurudi kabisa. Wala simaanishi kwamba vita vya Kagera havikuwa vya haki. Nasema jambo ambalo ni gumu zaidi: vita vya haki navyo vina matokeo yasiyo ya haki, na matokeo hayo huwaangukia watu ambao utenzi umekwisha kuwaaga. Mama wa kandokando ya Mto Mara aliyefiwa na mwanawe mwaka 1985 katika uvamizi wa ng'ombe, kwa bunduki iliyotoka Uganda, alifiwa na vita vya Kagera. Hakuna atakayelitia jina la mwanawe katika hesabu ya mashujaa. Hakuna mshairi aliyeuacha mlango wazi ili aingie.

Naona msomaji anataka kunipinga, na pingamizi lake ni la maana. Je, ni haki kuudai ushairi kazi ya uchumi na ya historia? Mshairi ni mtu wa siku yake. Anaimba habari ikingali moto, na wala hakuahidi kungoja miaka kumi aone bunduki zimekwenda wapi. Nakubali sehemu ya maneno hayo. Simdai Muhanika wa 1981 habari za miaka iliyofuata, wala simdai Hemedi takwimu. Lakini Hussein alionyesha kwamba kazi ndogo inaweza kuanza jikoni badala ya kuanza barazani, na kwamba inaweza kuishia katika swali badala ya kuishia katika ushindi, wala isipungue utamu. Kumbe lililokosekana si uwezo wa lugha. Ni mazoea ya kujua kisa cha vita kinaanzia wapi na kinakomea wapi.

Tena isisahauliwe kwamba Wakurya wenyewe wana fasihi yao. Wana iritungu, zeze lao kubwa la nyuzi nane, na waimbaji wake husimulia ng'ombe, safari na vifo. Wana majina ya marika ya tohara, ambayo hubeba kumbukumbu ya matukio ya miaka yake. Katika hazina hiyo vita havipangwi kwa majina ya mabwana wakubwa; hupangwa kwa vijana waliotahiriwa mwaka fulani na yaliyowapata. Huo ni mpango mwingine wa kisa cha vita, ambao hauhitaji adui mwenye uso wala siku ya ushindi. Wanafunzi wetu wanaotoka Mara, ambao husoma Tambuka na Hemedi kama mali yao, na ni mali yao kweli, wangefanya kazi njema kukusanya nyimbo hizo, kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuziweka karibu na tenzi za pwani, ili tuone kila moja inaona nini na haioni nini.

Nimalizie kwa jambo la darasani. Tunapofundisha utenzi wa vita, desturi yetu ni kuuliza maswali ya dhamira na fani: nani shujaa, vina vimepangwaje, mshairi ana msimamo gani. Napendekeza tuongeze maswali mawili. La kwanza: kabla ya ubeti wa kwanza kulikuwa na nini, ni mkataba gani uliotiwa sahihi, ni shamba gani lililolimwa kwa nguvu, ni mstari gani uliochorwa? La pili: baada ya ubeti wa mwisho, silaha zilikwenda wapi, na nani aliyelipa? Maswali hayo yataonyesha vizuri zaidi kila mshairi alifikia wapi, wala hayamshushi hadhi. Nayo yatampa mwanafunzi wa Kerende nafasi ya kunyosha mkono, kwa kuwa majibu ya swali la pili yeye anayo nyumbani.